Banda la gemu si dubwi

Nimekulia kwenye banda la gemu Mwanga, Kigoma, na mpaka leo nikipita mbele ya banda lolote miguu inapunguza mwendo yenyewe. Letu lilikuwa la mabati, na pazia la kanga mlangoni ili jua lisipige kwenye kioo. Kulikuwa na TV mbili za chogo, benchi, na pedi za kuchezea zilizozungushiwa utepe mweusi wa mafundi umeme pale waya ulipochoka. Sheria ilikuwa moja: aliyefungwa anainuka na kulipa, mshindi anabaki. Umeme ukikatika, na miaka ile ya majenereta ulikatika kweli, matokeo yalihesabiwa kama yalivyo ikiwa kipindi cha pili kimeshaanza. Hakuna aliyebisha.

Kuhusu mabanda haya nimesikia mengi, barazani, kwenye daladala za Ujiji, kwa walimu. Baadhi yana ukweli ndani yake. Mengi hayana, na yananiuma kwa sababu wanaoyasema ni watu wanaotupenda.

"Gemu na kamari ni kitu kimoja"

Hili ndilo linalosemwa zaidi, na chanzo chake nakielewa. Watu wanachanganya banda la gemu na dubwi, ile mashine ya sarafu yenye taa zinazozunguka, inayowekwa kibarazani kwa duka au kwenye kona ya baa. Kwenye dubwi unatumbukiza sarafu, unabonyeza, taa zinakimbia na kusimama pale mashine ilipoamua. Uwe umecheza siku moja au miaka kumi, mkono wako hauongezi kitu, na hesabu imepangwa ili mwenye mashine asikose faida.

PES, gemu ya mpira tuliyokuwa tukicheza bandani, haiko hivyo. Mwaka wangu wa kwanza nilifungwa kila siku. Wa pili nilishajua kwamba beki hakimbizwi ovyo kumfuata mwenye mpira. Unamrudisha taratibu, unamziba njia, unasubiri mwenzako akosee. Huo ni ujuzi, na unapatikana kwa kufungwa. Pesa anayolipa aliyeshindwa ni ya mwenye banda, mshindi haondoki na chochote. Wapo vijana wanaowekeana dau pembeni, na hiyo ni kamari kama ilivyo kwenye karata. Mwenye banda letu alikuwa akiwasikia anawatoa nje.

Sheria nayo inavitenganisha. Kamari nchini inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kwa sheria ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Mtoto mwenye sare ya shule ya msingi kucheza dubwi mchana kweupe ni kosa la kisheria, na mzazi anayepiga kelele hapo ana haki.

Lakini sitawaficha: kamari imeingia kwenye gemu kwa mlango wa uani. Gemu nyingi za simu, hata za mpira, zinauza pakiti zilizofungwa. Unalipa kwanza, ndipo unajua umepata mchezaji gani. Mwaka 2018 Ubelgiji ilitamka kwamba pakiti za namna hiyo ni kamari, na Januari 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza huko pointi za gemu yake ya FIFA zilizokuwa zikinunulia pakiti hizo. Kwa hiyo mzazi anayeogopa kamari aanze na simu iliyounganishwa na pesa za mtandao, banda lifuate. Bandani hela ya mfukoni ikiisha, umemaliza. Kwenye pakiti kijana anamaliza hata isiyo yake.

"Zinafundisha ukatili"

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha utafiti wa vijana wa Uingereza zaidi ya 1,000, wa miaka 14 na 15, pamoja na walezi wao. Kiwango cha ukatili wa kila gemu hawakumwachia mchezaji akikadirie; walitumia madaraja rasmi ya Ulaya na Marekani. Hawakuona uhusiano kati ya kucheza gemu za vita na vijana kuwa wakorofi. Mwaka uliofuata chama cha wanasaikolojia wa Marekani kikasema ushahidi hautoshi kuzitupia gemu lawama ya uhalifu wa mabavu, ila kipo kiungo kidogo na mambo kama kufoka na kusukumana.

Niliposoma hapo niliona benchi letu lote. Kufoka kulikuwepo, hasa penalti ikikoswa, na siku moja pedi ilitupwa ukutani. Kwenye bao pale Ujiji, chini ya mwembe, nimemwona mjomba wangu akifoka vivyo hivyo alipoliwa nyumba yake, kete zote zikaenda upande wa pili. Hakuna aliyesema bao linazaa majambazi. Hata hivyo madaraja ya umri yapo kwa sababu, na gemu iliyoandikwa 18 isiwekwe mbele ya mtoto wa miaka tisa. Wenye mabanda wengi hawayaangalii, na hapo lawama nakubali.

"Ukishashika pedi huiachi tena"

Shirika la Afya Duniani linautambua ugonjwa wa gemu. Umo kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Watu wananukuu hapo na kuishia hapo. Maelezo yenyewe yanataka mtu awe ameshindwa kujizuia, gemu iwe imechukua nafasi ya mambo mengine ya maisha, na aendelee ingawa anaona inavyomharibia, tena kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Shirika lenyewe linasema wanaofika huko ni sehemu ndogo ya wachezaji.

Kidato cha pili nilikula hela ya tuisheni wiki tatu mfululizo. Haukuwa ugonjwa, ulikuwa wizi, na mama aliuita kwa jina lake. Hakunipiga marufuku. Alisema: "Jumamosi baada ya kufua, mpaka adhuhuri. Nikikukuta siku nyingine, Jumamosi nayo imekwenda." Nilifua kwa kasi ambayo hajaiona tena.

"Mnaharibu TV"

Picha isiyosogea ikiachwa masaa na masaa kwenye TV ya chogo inaweza kweli kuacha alama. Mechi hazifanyi hivyo. Na sisi wachezaji tulikuwa na letu: kaseti ya gemu ikigoma, unaichomoa, unapuliza, unarudisha, inawaka, basi tunasema pumzi imeondoa vumbi. Kilichosaidia ni kuichomoa na kuichomeka upya, vyuma vikagusana vizuri. Pumzi ina unyevu, na unyevu unakula vyuma vile.

"Ni mambo ya wazungu, tena ya wavulana"

Kaseti hiyohiyo tuliyokuwa tunaipuliza ina historia ambayo natamani ingebandikwa kwenye mlango wa kila banda. Gemu za mwanzo za nyumbani zilikuja na michezo iliyojengwa ndani ya mashine. Mwaka 1976 ikatoka Fairchild Channel F, mashine ya kwanza ya nyumbani iliyokubali kaseti zenye programu za kubadilisha, na aliyeongoza kazi hiyo ni injinia Mweusi wa Marekani, Jerry Lawson. Nintendo nao, kampuni kubwa ya gemu, kabla ya yote walianza mwaka 1889 huko Kyoto, Japani, wakitengeneza karata. Na Afrika haijakaa kutazama: mwaka 2016 Kiro'o Games wa Yaoundé, Kamerun, walitoa Aurion, gemu ya mapigano na hadithi iliyochota kwenye mila za Kiafrika.

Wasichana? Carol Shaw alitengeneza gemu ya River Raid mwaka 1982, akiandika programu kwa mkono wake, na ilipendwa sana. Pac-Man ya mwaka 1980 ilibuniwa kwa makusudi ili wanawake nao waingie kwenye kumbi za gemu. Dada yangu alikuwa ananifunga nyumbani kila tulipopata mashine ya kukodi, lakini bandani hakukanyaga, kwa kuwa msichana kuonekana pale lilikuwa neno mtaa mzima. Tulipoteza mchezaji.

"Shabiki kazi yake kutumia na kulalamika"

Hili linaniudhi kuliko yote. Counter-Strike, gemu inayojaza kumbi duniani, ilianza mwaka 1999 kama kazi ya mashabiki wawili, Minh Le na Jess Cliffe, waliobadilisha gemu nyingine iitwayo Half-Life. Kampuni yenye Half-Life iliwafuata baadaye. Konami nao, watengenezaji wa PES, walipotoa mrithi wake, eFootball, mwaka 2021 ikiwa na nyuso zilizopinda na wachezaji wanaoteleza, kelele za mashabiki zilikuwa kubwa kiasi kwamba kampuni iliomba radhi ndani ya siku chache. Malalamiko yale yalitoka kwa watu walioijua gemu kuliko waliokuwa wakiiuza.

Na tazama PS2, mashine ya gemu ya mabandani. Matoleo ya mwisho ya PES kwa mashine hiyo yalitoka mwaka 2013, halafu kampuni ikaendelea na safari yake. Mabanda hayakuwa na hela ya kuifuata. Walioendelea kuiweka hai ni mashabiki: wanabadilisha vikosi kila dirisha la usajili likifungwa, wanachora jezi, wanaweka timu ambazo kampuni haikuwahi kuzifikiria, kisha diski au flashi inapita mkono kwa mkono.

Mwezi uliopita nilikaa na kijana mmoja wa mtaa wa Katubuka, fundi simu mchana, usiku mchora jezi. Alikuwa anaiweka Mashujaa, timu yetu ya Ligi Kuu. Alikuza picha ya jezi mpaka ikawa miraba midogo midogo, akawa anapaka mmoja mmoja kwa kipanya kilichokatika kitufe cha kulia. Nembo ilimchukua siku mbili. Akahifadhi, akachomeka flashi kwenye PS2, akanipa pedi ya pili. Yeye akachukua Mashujaa, mimi Barcelona. Nikafungwa mbili bila, nikainuka, nikalipa.