Pua Ikipanda, Acha Risasi Mfukoni

Jumapili kijana mmoja alinifuata uwanjani, njia ya Likasi, ndege yake ndogo ya kuongozwa kwa redio mkononi na vipande vinne vya risasi, ile metali nzito, vimebanwa puani kwa tepu. "Yaya, bado inapanda pua. Niongeze ngapi?" Ni wa tatu tangu kiangazi kianze. Naandika leo kwa sababu nimechoka kuokota mabawa ya frigoliti, lile povu jepesi la plastiki, juu ya vichuguu.

Ndege ya usukani peke yake, yaani kile kibao cha mkiani kinachopinda kushoto na kulia, haina eleveta (ya kuinua na kushusha pua) wala eleroni (za kulaza mabawa). Usukani unapeleka pua pembeni, mabawa yaliyoinuliwa ncha yanailaza, inakata kona. Bawa lililonyooka kama ubao halifai. Likate katikati ulikunje upya. Mengine yote, kupanda, kushuka na mwendo, unayapanga ndege ikiwa bado chini. Waliorusha kwa redio za chaneli moja, zenye amri moja tu, miaka ya 1950 na 1960 walilijua hilo: wengi wao hata injini hawakuweza kuipunguza. Ilinguruma mpaka mafuta yaishe, kisha ndege ikarudi kwa kuteleza.

Sasa hiyo risasi. Kila ndege ina mwendo wake inaoutafuta, na mwendo huo unaamuliwa na mahali uzito ulipokaa pamoja na tofauti ya pembe kati ya bawa na mkia. Mota ikiusukuma kupita hapo, bawa linabeba kuliko inavyotakiwa, pua inapanda. Unatia risasi. Ukizima mota, ndege inachimba. Unaogopa, unapachika kadi chini ya ukingo wa mbele wa bawa ili isichimbe. Hapo umeongeza pembe! Uzito puani na pembe kubwa, vikikutana, ndivyo vinavyoifanya ndege irushe pua juu kwa ukali kila mwendo unapozidi kidogo tu. Yaani ugonjwa uleule uliokuwa unautibu, sasa umekomaa. Wiki inayofuata unakuja na risasi nyingine, halafu kadi nyingine, na ndege ya gramu 600 inafika 750. Tena Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi, ndege ileile inataka mwendo wa karibu asilimia 6 zaidi kuliko pwani ndipo ibebeke, na kila gramu unayoongeza inadai mwendo mwingine juu ya huo. Halafu mnashangaa kwa nini inatua kama jiwe.

Anza na kuteleza. Uzito ukae kwenye theluthi ya upana wa bawa kutoka mbele. Njoo alfajiri, kabla upepo haujaamka, mota imezimwa, isukume mlalo juu ya majani marefu. Usiitupe juu. Ikichimba, au ikipiga mawimbi, sahihisha kwa kadi, milimita 1 kwa mara moja, kwa sababu kwenye bawa lenye upana wa sentimita 18, milimita 3 tu ni digrii 1 nzima.

Ikishateleza vizuri, bawa usiliguse tena. Kasoro itakayojitokeza mota ikiwaka, itibu kwenye mota: weka pete nyembamba ya chuma nyuma ya skrubu za juu, ili mota itazame chini. Skrubu zikiwa zimeachana milimita 30, pete ya milimita 1 inaiinamisha karibu digrii 2. Ikivutwa kushoto, pete iende nyuma ya skrubu za kushoto.

Hapa pana shaka ambayo sijaimaliza. Kanuni inasema ndege ikigeuka hata ikiteleza, bawa limepinda. Ikigeuka kwa mota tu, kosa ni la mota. Lakini upepo wa propela unajisokota na kuupiga mkia, kwa hiyo mkia uliopinda kidogo nao unaweza kujificha mpaka mota iwake. Nimewahi kuhangaika na pete wiki nzima, kumbe mkia ulikuwa umepindishwa na joto la gari. Siku hizi napima mkia kwanza, lakini kwa jicho tu, na jicho halioni nusu digrii.

Na kuna kupanda pua kusikotibiwa na pete yoyote. Umeshika usukani muda mrefu, ndege imezunguka ikishuka, imekusanya mwendo, umeachia ghafla. Lazima ipande. Gusa usukani kidogo kidogo, na pua ikianza kuinuka, rudisha kona ndogo ili mwendo uishie humo.

Ndege ya yule kijana tuliitoa vipande vitatu vya risasi na kadi zote, tukaweka pete mbili. Mrusho wa nne ilipanda polepole, ikizunguka kulia, naye akanyamaza kabisa akiitazama. Kipande cha nne tumekiacha. Mkia wake ni mzito, aliuchonga kwa mbao za sanduku. Ataujenga upya kabla ya mvua.