Mashimo Meusi Mawili na Parseki ya Mwisho

Galaksi mbili zikiungana, wengi hudhani kwamba mashimo meusi ya katikati yake yatavutana na kumezana upesi. Mimi kinachonishangaza ni kwamba yanafika kukutana hata kidogo. Graviti peke yake haitoshi: vitu viwili vinavyozungukana vitaendelea kuzungukana mpaka kipatikane cha kuvipunguzia nishati.

Mwanzoni nyota ndizo breki. Shimo lenye uzito wa mamilioni ya majua likipita katikati yake, huzivuta. Ila kwa kuwa lenyewe halisimami, nyota hizo hurundikana nyuma yake, na rundo hilo huanza kulivuta kinyumenyume. Mwanafizikia wa nyota Subrahmanyan Chandrasekhar aliikokotoa nguvu hiyo mwaka 1943. Ni darubini ya eksirei yenye jina lake, Chandra, iliyotuonyesha mwaka 2002 mashimo mawili yakila gesi ndani ya galaksi NGC 6240, yakiwa yametengana takriban miakanuru 3,000 (mwakanuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja).

Yakikaribiana zaidi, mambo hubadilika. Sasa kila nyota inayokatiza karibu na jozi hiyo hurushwa nje kwa kasi, ikiondoka na sehemu ya nishati, na jozi hubana kidogo. Hurushwa nyingine, na nyingine tena, hadi nyota zenye njia za kupita hapo zinakwisha. Kimebaki kipande cha kama parseki moja, yaani miakanuru 3.26, na mawimbi ya graviti, yaani mitetemo ya anga-wakati inayobeba nishati kutoka kwa jozi, bado ni hafifu mno kuimaliza kazi. Wanafizikia wa anga Begelman, Blandford na Rees waliieleza safari hii yote, pamoja na mkwamo wake, mwaka 1980. Jozi iliyobana kuliko zote tulizowahi kuzitenganisha waziwazi kwa darubini za redio, 0402+379, ina pengo la miakanuru 24, na mzunguko wake mmoja hukadiriwa kuchukua miaka 30,000. Hakuna wa kukaa akiusubiri.

Sidhani kama mkwamo huo ni ukuta. Galaksi iliyotoka kuungana haina umbo la tufe safi, kwa hiyo nyota zake hupotoka njia na kuingia tena karibu na jozi. Gesi nayo husaidia, na pengine shimo la tatu likija na galaksi nyingine. Juni 2023, NANOGrav, kundi la watafiti wa Amerika Kaskazini, na makundi ya Ulaya, Australia na China yalitangaza dalili za mawimbi ya graviti yenye vipindi vya miaka mingi, yaliyosomwa katika mapigo ya pulsa, mabaki ya nyota yanayozunguka na kutuma mapigo ya redio kwa mpangilio kama saa. Maelezo mengine yapo, ila jozi nyingi nzito zilizokwisha kuvuka kikwazo ndizo ninazozipa uzito zaidi.

LISA, chombo cha shirika la anga la Ulaya kinachopangwa kurushwa mwaka 2035, kitasikiliza miungano ya mashimo ya maelfu hadi mamilioni ya majua. Yale ya mabilioni yataendelea kuachiwa pulsa, maana mawimbi yake ni marefu mno kwa LISA.