Mionzi ya Bikini haikukaa hewani, ilikuwa kwenye madafu

Wengi hudhani kisiwa kilichopigwa mabomu ya nyuklia hupimwa hewa na udongo tu: kifaa kikinyamaza, watu warudi. Bikini, katika Visiwa vya Marshall kwenye Bahari ya Pasifiki, inatuonyesha kosa hilo lilivyo la hatari.

Marekani iliwahamisha wenyeji mwaka 1946, ikafanya majaribio 23 hapo hadi 1958. Baadaye ikatangaza kwamba pako salama, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 familia kadhaa zikarejea. Wakawa wanakula walichokula wazee wao: madafu, nazi, shelisheli, matunda ya mkadi. Walipopimwa miili yao kwa mashine zinazohesabu mionzi itokayo ndani ya mtu, sesiamu-137, kemikali yenye mionzi iliyoachwa na mabomu hayo, ilikuwa ikipanda. Mwaka 1978 wakaondolewa tena. Fikiria uchungu wa kuuacha mji wako mara ya pili.

Kiini ni udongo wa matumbawe. Hauna potasiamu ya kutosha, na sesiamu inafanana nayo kikemia, basi mnazi huifyonza kama chakula chake. Samaki wa bahari hiyo hiyo walikuwa na kiasi kidogo sana.

Ndiyo maana kupima nazi moja maabara hakutoshi. Lazima ujue mtu anakunywa madafu mangapi kwa siku, wali wa kununua ni kiasi gani, watoto wanapewa nini. Makadirio ya ulaji yakikosewa, kipimo chote kimekosewa. Watafiti waligundua pia kwamba mbolea ya potasiamu hupunguza sana sesiamu inayoingia kwenye nazi.