Kidole kilichochelewa

Mwaka 2025 ulituondolea sauti mbili za redio. Februari alifariki Leonard Mambo Mbotela wa Kenya, Mei akafuata Charles Hilary wa Tanzania. Mara zote mbili simu yangu ilijaa ujumbe wa aina moja: una chochote chake cha zamani? Wanaoniuliza wanajua kazi yangu ni kufufua sauti zilizochakaa. Napokea kanda za rili, kaseti na santuri zenye mikwaruzo, nazisafisha, nazihamishia kwenye kompyuta. Wanaamini nina ghala zima la redio ya zamani. Nilichonacho ni kidogo mno, na sababu ya uchache huo ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Nimekulia Muheza, mkoani Tanga, nyumbani kwa babu. Redio yake ya mbao ilikaa juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na waya wa shaba ulitoka nyuma yake ukapita dirishani mpaka kwenye mwembe. Sisi wajukuu tuliruhusiwa kuipangusa vumbi na kuanika betri juani zikichoka. Kugusa kitufe, hapana. Ikikaribia saa mbili usiku babu aliinua kidole tu, bila neno, na nyumba nzima ikanyamaza, hata bibi aliyekuwa jikoni. Kisha ikaja ngoma.

Ngoma ile ilikuwa ya Mzee Morris Nyunyusa, mpiga ngoma asiyeona, aliyezungukwa na ngoma chungu nzima akazipiga zote peke yake, ukafikiri ni kikundi. Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, iliifanya kiashirio cha taarifa ya habari. Kiashirio ndilo neno la watangazaji wa zamani. Vijana wa FM wanasema jingo. Kwangu hivyo ni vitu viwili, na nitarudi hapo.

Kwa nini ngoma? Nilikuja kuelewa baada ya miaka mingi ya kazi hii. Kwenye masafa ya kati kila kituo hupewa njia yenye upana wa kilohezi 9 tu, na sauti inayopita humo haivuki sana hezi 4,500, yaani mitetemo 4,500 kwa sekunde, wakati sikio la mtoto husikia mpaka hezi 20,000. Kinanda kinapoteza mng'ao wake, matoazi yanageuka mchanga. Chini nako kuna ukuta, maana spika ya inchi nne iliyofungwa ndani ya sanduku dogo haina besi ya kutoa. Kinachobaki ni ule ukanda wa katikati, mahali inapokaa sauti ya mtu anayezungumza, na ndipo linapokaa pia pigo la fimbo kwenye ngozi iliyokazwa vizuri. Halafu ongeza radi. Wakati wa masika kila umeme unaopiga huko mbali unasikika redioni kama kitambaa kinachochanwa. Wimbo laini unamezwa. Ngoma haimezwi, kwa sababu sikio linashika mpangilio wa mapigo, na pigo moja au mawili yakifunikwa akili inajazia yenyewe. Ndiyo maana tuliitambua tukiwa kisimani, na redio yenyewe iko nyumba ya tatu.

Kiashirio kilikuwa na kazi nyingine ambayo simu za leo zimeifuta kabisa: kumsaidia mtu akipate kituo. Kwenye masafa mafupi kioo cha redio kimeandikwa mita, hakina jina la kituo hata kimoja. Unazungusha taratibu, unapita kwenye miluzi, mikwaruzo na lugha usizozijua, unasubiri sikio likuambie umefika. Kwa hiyo vituo vya mbali vilikuwa vikirudia kipande kifupi cha muziki dakika chache kabla ya kufungua matangazo, kama mtu anayepiga hodi mfululizo mlangoni. Sauti ya Ujerumani, iliyoanza Kiswahili mwaka 1963, ilitumia noti chache kutoka opera ya Beethoven, zilizopigwa kwa ala yenye mlio wa vikengele. BBC, iliyoanza Kiswahili mwaka 1957, ilikuwa na ile milio sita ya saa ambayo wazee waliitumia kurekebishia saa zao za mkononi. Babu hakuwahi kusikia jina la Beethoven maishani mwake, lakini vikengele vile vikilia alisema, "Wajerumani hao," na hakukosea.

Na mitambo ya Dar es Salaam ilibeba viashirio vingine ambavyo sisi hatukuambiwa habari zake. Vyama vya ukombozi vilipewa muda hewani kuzungumza na watu wao kusini mwa bara. Radio Freedom ya ANC, chama cha Afrika Kusini, ilijulikana kwa kufungua na mlio wa bunduki. Mtu wa Afrika Kusini aliyekamatwa akiisikiliza aliweza kufungwa, kwa hiyo aliiweka chini kabisa, sikio limebanwa kwenye spika. Kila nikiufikiria mlio ule unaotoka kwenye redio iliyofungwa sauti kiasi hicho, mwili unanisisimka.

Muheza ina bahati ya kijiografia. Mombasa haiko mbali, na usiku mawimbi ya masafa ya kati husafiri vingine kabisa. Mchana kuna tabaka la anga linaloyanyonya yakipanda. Jua likizama tabaka hilo linatoweka, mawimbi yanapaa zaidi, yanagonga tabaka la juu na kurudi ardhini mamia ya kilomita kutoka yalikotoka. Kwa hiyo tulikuwa watoto wa redio mbili, na Mbotela alikuwa wetu sawasawa na watangazaji wa Dar.

Kipindi chake, Je, Huu ni Ungwana?, kilianza mwaka 1966, na hakikuhitaji ngoma. Swali lenyewe ndilo lililokuwa kiashirio, na jinsi alivyolitamka. Alizaliwa Freretown, Mombasa, katika uzao wa watu waliokombolewa kutoka utumwani, na Kiswahili chake kilikuwa na ile hali ya mtu mzima anayekukanya bila kukuaibisha. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi walioasi walimlazimisha atangaze kwamba serikali ya Kenya imepinduliwa. Nimeifikiria sana asubuhi ile. Waasi walikuwa na bunduki, walikuwa wameshakiteka kituo, na kipaza sauti kilikuwa mbele yao. Yeyote kati yao angeweza kusoma tangazo lile. Walijua lisingeaminika mpaka litoke kwa sauti ambayo watu waliizoea mezani kwao.

Charles Hilary ninamkumbuka kwa mpira, yeye na Ahmed Jongo. Mtangazaji wa mpira wa redio anafanya kazi ambayo wa televisheni hajui hata kama ipo: anajenga uwanja ndani ya kichwa cha mtu ambaye huenda hajawahi kufika Dar es Salaam. Kwanza atakuwekea pande mbili, timu hii inashambulia kutoka kushoto kwenda kulia mwa redio yako. Mwa redio yako! Mtoto wa Muheza anaiangalia redio, anaona goli moja liko upande wa kile kitufe kikubwa na jingine upande wa kabati. Mpira ukienda kona tuligeuza shingo. Bado nikisikiliza mpira redioni kwenye gari naangalia upande.

Wengine nitawataja tu, maana kila mmoja anastahili makala yake: Debora Mwenda wa kipindi cha Mama na Mwana, Julius Nyaisangah tuliyemwita Anko J, wale Pwagu na Pwaguzi waliomfanya babu acheke mpaka kofia ikaanguka. Na matangazo ya vifo, ambayo hayakuwa na mtangazaji maarufu wala hayakuhitaji. Orodha ya majina, ndugu wa marehemu, mahali pa maziko, habari ziwafikie fulani wa kijiji fulani popote walipo. Bibi alisikiliza kila siku akiwa amesimama. Kukaa aliona si adabu.

Sasa jingo. Mpaka sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua milango kwa redio binafsi na Radio One ikaingia hewani mwaka uliofuata, sisi wa Bara tulikuwa na redio moja ya nyumbani. Kiashirio chake hakikuwa na wa kushindana naye. Kilikuwa kama adhana, kinakuambia ni saa ngapi na ufanye nini. Jingo imezaliwa sokoni, kazi yake ni kukuzuia usihamie kituo cha jirani, kwa hiyo lazima ipige kelele na lazima ibadilishwe kabla hujaichoka. Siidharau, nimetengeneza nyingi na nimelipwa. Wala sitaki kurudi kwenye redio moja, maana wimbo ambao haukupita kwa wasimamizi wa redio ile haukusikika kokote, na maoni ya raia yalikuwa yale yaliyoruhusiwa. Lakini kitu kisichokaa hakikumbukwi. Miaka kumi ya ngoma ile ile, saa ile ile, ndiyo iliyoipigilia msumari vichwani mwetu.

Basi iko wapi? Watu wanadhani kila kilichotangazwa kilirekodiwa na kila kilichorekodiwa kikahifadhiwa. Ukweli ni kwamba utepe ulikuwa ghali na ulinunuliwa kwa fedha za kigeni. Rili kubwa ikizungushwa kwa kasi ya sentimita 38 kwa sekunde inaisha baada ya kama nusu saa. Muziki wa bendi ulipewa kasi hiyo na kuwekwa maktaba. Hotuba za viongozi pia. Lakini mtangazaji alisema moja kwa moja hewani, maneno yakapita na upepo. Kiashirio kilikuwa kipande cha utepe kisichofika hata dakika moja, kikichezwa mara kadhaa kila siku mpaka kikalika, kikanakiliwa kutoka kwenye nakala, na nakala ile ikanakiliwa tena. Hakikuandikwa kwenye daftari la maktaba kwa sababu hakikuwa wimbo, hakikuwa habari, hakikuwa kipindi.

Kituo kimoja nilichofanyia kazi ujanani, siku zangu za kwanza kama fundi mitambo msaidizi, nilikabidhiwa sumaku ya umeme ya kufutia kanda na rafu nzima ya rili. Niliambiwa nizisafishe zitumike tena. Nilifuta kwa siku mbili. Sikusikiliza hata moja kabla ya kuifuta, na juu ya maboksi kulikuwa na maandishi ya mkono, majina ya vipindi nilivyokua navyo. Kila kazi ninayoifanya leo inaanzia kwenye siku mbili hizo.

Rili zilizobaki zina maradhi yake. Nyingine zimevuta unyevu wa pwani mpaka gundi inayoshika vumbi la chuma imelainika. Ukiicheza hivyo hivyo inapiga kelele kwenye mashine na kuacha uchafu wa kahawia, na ule uchafu ndio sauti yenyewe. Hizo huwa nazipasha joto kwenye oveni, nyuzi 50 hivi kwa saa kadhaa, zikauke kiasi cha kuvumilia kuchezwa mara moja au mbili. Nyingine zinanuka siki, na hizo usithubutu kuzipasha joto. Na utepe uliokaa miaka mingi umeviringwa hugusana tabaka kwa tabaka, sumaku ya tabaka moja ikaliachia alama tabaka la jirani yake. Nina kipande kifupi cha ngoma kilichonifikia kwenye rili isiyo na lebo. Sekunde mbili kabla ya pigo la kwanza, ukivaa vifaa vya masikioni na kufunga mlango, inasikika ngoma ile ile kwa mbali sana, nyembamba, kama iko kijiji cha pili. Programu za kisasa zinaweza kuifuta. Nimeiacha.

Lakini hazina kubwa niliyoipata haikutoka kwenye rili. Imetoka kwenye kaseti za majumbani. Redio-kaseti zilipoenea, kila nyumba ilikuwa na kijana aliyesubiri wimbo anaoutaka, vidole viwili tayari kwenye vitufe. Wimbo ukianza anabonyeza kurekodi, mtangazaji akianza kusema anakata. Tulijivunia kanda safi isiyo na maneno. Hivyo taifa zima, kwa bidii, tuliwakata watangazaji wetu.

Bahati nzuri vidole huchelewa. Mwisho wa wimbo kunabaki nusu sekunde, sekunde moja, wakati mwingine sentensi nzima iliyoponyoka. Nimeanza kuvikusanya vipande hivyo. Ukiwa na kaseti za namna hii, tafadhali usizirekodie juu wala usizitupe kwa kuwa nyimbo zake zipo mtandaoni. Usizijaribu kwenye mashine kuukuu inayotafuna utepe. Zisimamishe kwenye boksi mbali na jua na spika kubwa, maana nyuma ya spika kuna sumaku. Kama kale kasifongo kanakokandamiza utepe kameanguka, mpe fundi ahamishie utepe kwenye ganda jingine, ni kazi ya dakika chache.

Mwaka jana shangazi alinipa yake, ya kijani, imeandikwa "MCHANGANYIKO" kwa kalamu ya wino. Upande B, baada ya wimbo wa tatu wa dansi, kidole chake kilichelewa. Mtangazaji anasema, "...na fundi mitambo wangu hapa anan..." kisha tiki. Nyuma ya sauti yake, ukisikiliza vizuri, kuna jogoo. Nilidhani jogoo yuko studio. Shangazi akasema hapana, alikuwa anarekodi kwa kuweka kinasa sauti mbele ya redio ya babu, na yule ni jogoo wa jirani yetu pale Muheza.