Kuongeza vyuma vya resori hakuimarishi remorki ya zamani

Fundi wengi wa Goma wakiletewa remorki (trela) ya zamani ya kwenda kupiga kambi, jambo la kwanza ni kuongeza vyuma kwenye resori, yaani springi za vyuma bapa vilivyopangwa juu ya vingine: vinne vinakuwa saba, eti ihimili mawe ya volkano. Hapo ndipo inapoharibika. Resori ngumu kupita uzito wa mzigo haipindi, kwa hiyo kila pigo la jiwe linapanda moja kwa moja kwenye fremu. Mahema, maji na jiko ni kilo 300 tu! Remorki inarukaruka, na ufa mwembamba kama unywele unaanza pale kishikio cha resori kilipochomelewa.

Acha idadi ya kiwandani. Fungua resori, sugua kutu kati ya vyuma kwa brashi ya waya, paka grisi ya grafiti, badilisha bushi (vikombe vidogo kwenye matundu ya resori) zilizolegea. Boliti za U, zinazofunga resori kwenye ekseli, zikazwe tena baada ya kilomita 100 hivi, maana vyuma vilivyosafishwa hukaa upya. Remorki yenye kilo 500 kwa jumla, pamoja na mzigo wake, iache kilo 50 hadi 75 kwenye ndoano ya gari. Ukiulaza mzigo nyuma, remorki itayumba.