Senta akiumia, warefu wa benchi wanaweza kuziba pengo lake?

Je, wajua kwa nini timu ya kikapu ikimkosa senta wake, yule mrefu anayecheza karibu na goli, kocha haingizi tu mrefu mwingine mambo yakaendelea kama kawaida? Huku Kigoma ubishi huu hauishi, hasa msimu wa fainali za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, maana mechi nyingi zinaanza saa tisa na nusu usiku kwa saa zetu, sasa wengi tunaamka asubuhi tunaangalia vipande kwenye simu, tunamuona jamaa wa benchi kapiga danki mbili na bloku moja, yaani kauzuia mpira wa mpinzani ukielekea golini, basi kelele zinaanza, huyu ndo aanze.

Jibu fupi ni kwamba dakika anaweza kuziziba, kazi yenyewe inategemea senta aliyetoka alikuwa anafanya nini.

Mchukue Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar, mita 2.21, Memphis Grizzlies walimchagua namba 2 kati ya wachezaji wapya mwaka 2009, kabla ya James Harden na Stephen Curry. Mwenye namba pale alikuwa Marc Gasol. Msimu wake wa kwanza Thabeet alicheza wastani wa dakika 13 kwa mechi, bloku 1.3. Sasa mtu anashika kalamu anazidisha mpaka zifike dakika 36 kama za mwenye namba, anapata bloku 3.6, wakati Dwight Howard aliyeongoza ligi nzima msimu ule alikuwa na 2.8! Utamu wa karatasi huo. Kalamu hiyohiyo inazidisha na faulo pia. NBA faulo ya 6 unatoka, kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, tunazochezea huku ni ya 5, na mrefu wa benchi mara nyingi faulo zinamjia haraka kwa sababu anachelewa hatua moja tu, anafika mwenzie keshanyanyuka, mkono unashuka kwenye mkono, filimbi. Halafu dakika zake nyingi anacheza na benchi la wenzao, siku akianza yeye anakutana na wenye namba ambao wamekaa wiki nzima wakiangalia video zake.

Hata kwenye viwanja vyetu vya sementi utaliona hili. Angalia gadi, yule mchezaji wa nje anayeuleta mpira, wa timu pinzani senta akiwa ndani, anaingia nusu, anainua macho, anarudisha mpira nje. Senta akitolewa kwa faulo gadi yuleyule anaingia moja kwa moja hata haangalii juu, na aliyeingia benchi inawezekana kabisa ni mrefu kuliko aliyetoka. Ile hofu haiandikwi popote kwenye karatasi ya matokeo.

Kwa senta wa ribaundi, yaani kudaka mipira iliyokosa goli, na bloku, basi, warefu wawili wa benchi wakigawana dakika wanaweza kukuvusha mechi kadhaa, mmoja anakaba, mwingine anafunga. Kazi iko kwa senta wa aina ya Nikola Jokic wa Denver Nuggets, waliochukua ubingwa 2023. Yule ndiye anayepitisha mpira, wenzake wanakata kuelekea golini kwa sababu wanajua pasi itawafikia. Ni kama karabai kwenye mtumbwi wa dagaa, ukiizima nyavu zipo, wavuvi wapo, ila dagaa hawakusanyiki. Mrefu wa akiba hapo hata ajitahidi vipi, bana, anaziba nafasi tu.

Ndo maana makocha wajanja hawatafuti senta wa pili, wanabadilisha mchezo. Fainali za 1980 Kareem Abdul-Jabbar wa Lakers aliteguka kifundo mechi ya tano, na bado alimaliza na pointi 40. Mechi ya sita kule Philadelphia hakucheza, na aliyeruka mpira wa kwanza katikati alikuwa Magic Johnson, gadi wa miaka 20, akafunga 42 na ribaundi 15, Lakers wakabeba ubingwa kwa 123 kwa 107. Warefu wengine kama Jim Chones walipiga kazi ngumu ya kukaba ndani, pointi zikatoka kwingine kabisa. Mwaka 2015 Golden State walikuwa nyuma 2-1 kwa Cleveland, kocha Steve Kerr akamweka benchi Andrew Bogut mwenye mita 2.13, akaanza Andre Iguodala na Draymond Green akawa senta kwa mita zake 1.98. Walishinda mechi tatu mfululizo.

Kwa timu za huku kuna nafuu moja watu wanaisahau. NBA beki hawezi kusimama ndani ya boksi, lile eneo lililochorwa mbele ya goli, zaidi ya sekunde tatu kama hajamkaba mtu kwa karibu, FIBA sheria hiyo haipo kwa anayezuia. Maana yake kocha wa Kigoma akimkosa senta wake anaweza kupanga zoni ya 2-3, yaani kila mtu analinda eneo lake, wawili mbele na watatu nyuma, akamsimamisha mrefu wake wa akiba chini ya goli mikono juu, asikimbizane na mtu, hata kama miguu yake mizito. Kuzuia kutaenda. Kufunga hiyo kazi wapewe magadi.