Kufunga bustani: maana yake, na kipi kivunwe, kipi kibaki, kipi kitupwe

Kufunga bustani ni kazi ya kuvuna mboga zilizobaki na kuandaa matuta kabla ya baridi ya kugandisha kuingia, kwenye nchi zenye majira manne. Kamusi huyaita majira haya yanayotangulia baridi vuli, lakini kwa wasemaji wengi wa Kiswahili vuli ni mvua. Tuseme basi majira ya kupukutika kwa majani: Septemba hadi Novemba upande wa kaskazini wa dunia, Machi hadi Mei upande wa kusini.

Jina lenyewe linapotosha kidogo. Mtu akisikia "kufunga" hudhani ni kung'oa kila kitu, kuchoma mabua na kuacha udongo mtupu, safi kama uwanja uliofagiliwa. Udongo mtupu ndio kosa kubwa kuliko yote ya msimu huu. Mvua huupiga ukashikamana, virutubisho vinavyoyeyuka, hasa naitrojeni, huzama chini kusikofikiwa na mizizi, na magugu yanayostahimili baridi hupata nafasi. Kufunga bustani ni kuchambua zaidi kuliko kufagia.

Ratiba hupangwa na jalidi ya kwanza, yaani usiku ule ambao umande huganda juu ya majani. Nyanya, pilipili, biringanya, matango, maharagwe mabichi, maboga na mrehani hazivuki usiku huo. Maji yaliyo ndani ya jani huganda, seli hupasuka, na asubuhi mmea umelegea na kuwa mweusi. Karoti, liki, kabichi na sukuma wiki ni kinyume chake. Hizi zikihisi baridi hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, na maji yenye sukari huganda kwa shida zaidi. Ndiyo maana sukuma wiki iliyopigwa na jalidi ni tamu kuliko ya kiangazi, na hakuna haja ya kukimbilia kuivuna.

Kwa nyanya, kazi huanza mapema. Ua huhitaji takriban wiki sita hadi nane kuwa tunda lililoiva, kwa hiyo ua linalochanua mwezi mmoja kabla ya jalidi halina faida. Kata ncha za mmea na maua hayo ili nguvu iende kwenye matunda yaliyokwisha kuumbika. Baridi ikikaribia, vuna zote. Tunda la kijani lililokomaa hung'aa kidogo, na ukilikata, kisu hupita kando ya mbegu bila kuzikata kwa sababu tayari zimezungukwa na ute. Hilo litaiva ndani ya nyumba. Lile gumu lenye mbegu nyeupe laini halitaiva, litafaa achari tu. Panga matunda bila kugusana, kwenye joto la nyuzi 18 hadi 21. Ndizi mbivu ukiiweka karibu huharakisha, maana hutoa ethilini, gesi inayoivisha matunda. Dirishani penye jua hapahitajiki. Kuiva kunataka joto, si mwanga. Na chini ya nyuzi 10 nyanya ya kijani huharibika: huiva kwa mabaka, au huoza kabla haijaiva.

Sehemu inayokosewa zaidi ni ile ya katikati, baina ya kuvuna na kuhifadhi. Mazao mengi ya kuwekwa ghalani huhitaji siku kadhaa za kukomaza ngozi. Mkwaruzo wa jembe ni mlango wa ukungu, na zao likipewa mazingira yanayolifaa hujifunika lenyewe kwa tabaka jipya la seli kavu. Ukiruka hatua hii, mzigo unaoonekana mzima leo utaanza kuoza baada ya wiki chache, nawe utalaumu ghala.

Mazingira hayo hayafanani kwa kila zao. Vitunguu maji hung'olewa shingo zikiwa zimelala zenyewe kwa zaidi ya nusu ya tuta. Kuzikanyaga ili zilale haraka ni kujitafutia uozo. Huanikwa mahali pakavu penye upepo kwa wiki mbili hadi nne, mpaka shingo ikibanywa isitoe unyevu, ndipo hukatwa kwa kuacha sentimita 2 au 3. Kitunguu chenye shingo nene hakikauki vizuri hata ufanyeje, kitumie kwanza. Viazi mviringo hutaka giza na unyevu. Majani yakishafa, viache ardhini wiki mbili ngozi ishikamane. Ukikisugua kiazi kwa kidole gumba na ngozi ikatoka, bado. Kisha viweke kwenye nyuzi 10 hadi 15 kwa siku 10 hadi 14, na baadaye nyuzi 4 hadi 7. Kiazi kikipata mwanga hugeuka kijani na kuongeza sumu ya solanini, na kikiwekwa baridi mno wanga wake hugeuka sukari, ndipo chipsi hutoka nyeusi. Viazi vitamu, licha ya jina, havina undugu wa karibu na hivyo: huhitaji joto la takriban nyuzi 30 na unyevu mwingi kwa kama wiki moja, halafu nyuzi 13 hadi 16. Kuviweka kwenye friji ni kuviua.

Boga huwa tayari ukucha ukishindwa kutoboa ngozi na kikonyo kikikauka kama mti. Likate kwa mkasi wa kupogolea, ukiacha kikonyo cha sentimita 5 au zaidi, na usilibebe kwa kikonyo hicho, kwani kikivunjika, pale penye kidonda ndipo uozo huanzia. Wiki moja na nusu hivi kwenye joto la nyuzi 27 hadi 30 huimarisha ganda. Baadaye, rafu kavu yenye nyuzi 10 hadi 13 yatosha, ila maboga yasigusane.

Karoti na bitiruti hazina hatua hiyo. Kata majani ukiacha sentimita 2, usizioshe, zipange kwenye sanduku kwa tabaka za mchanga wenye unyevu kidogo, mahali pa baridi karibu na nyuzi 0 lakini pasipoganda. Zitenge na matofaa, maana ile ethilini inayosaidia nyanya hufanya karoti ziwe chungu. Ukipenda, ziache tutani na kuzifunika kwa nyasi kavu unene wa sentimita 30. Utachimba kadiri unavyohitaji.

Sasa mabaki. Hapa swali ni moja: mmea huu ulikuwa mgonjwa au ulichoka tu? Uliochoka huenda kwenye rundo la mboji. Mgonjwa huenda kwenye taka, kwa sababu rundo dogo la nyumbani mara chache hufika nyuzi 55 au 60 na kukaa hapo siku za kutosha kuua vimelea. Mizizi ya kabichi iliyovimba vinundu kama vidole isirudi bustanini kamwe. Vijidudu vyake hudumu udongoni mpaka miaka 20. Vitunguu vyenye ukungu mweupe na punje nyeusi kitakoni, vivyo hivyo. Bakajani chelewa, ugonjwa unaoozesha viazi na nyanya, ina tabia yake: hutegemea zaidi tishu hai ili ivuke baridi, kwa hiyo hatari kubwa si majani makavu ya viazi bali viazi vidogo vilivyosahauliwa ardhini au vilivyotupwa kwenye mboji. Chimba tena tuta la viazi kwa uma wa bustani mara ya pili. Majani yenye ubwiri unga, yaani ukungu mweupe kama unga, hayatishi kiasi hicho, lakini ukiwa na shaka, toa.

Mimea yenye afya ikatwe usawa wa udongo na mizizi iachwe ioze hapo hapo. Hufungua njia za maji na kulisha minyoo. Maharagwe husifiwa sana kwa vinundu vya naitrojeni vilivyo kwenye mizizi yake, na sifa hiyo imezidishwa kidogo: mmea uliozaa vizuri umeshapeleka sehemu kubwa ya naitrojeni kwenye mbegu ulizokula. Iache mizizi, lakini usipunguze mbolea mwakani kwa kuitegemea. Jamii ya kabichi ni tofauti, ng'oa na mizizi.

Acha pia mabua machache matupu ya urefu wa sentimita 30 au 40, pembeni. Nyuki wa porini na wadudu walao vidukari hujihifadhi humo. Sehemu ya maboga, hata hivyo, isafishwe kabisa, kwa kuwa kunguni wa maboga hujificha chini ya majani yake makavu mpaka joto lirudi.

Kilichobaki ni kuufunika udongo. Tandaza mboji iliyoiva sentimita 3 hadi 5, bila kulima, kisha majani yaliyokatwakatwa unene wa sentimita 5 hadi 10. Majani mazima hushikana kama mkeka na kuzuia hewa. Yapitishie mashine ya kukatia nyasi kwanza. Penye nafasi, panda rai, nafaka ya jamii ya ngano, kama gramu 10 kwa mita ya mraba. Huota hata udongo ukianza kupoa, ila joto likirudi uikate kabla haijatoa mbegu. Samadi mbichi ya kuku na mbolea ya naitrojeni zisubiri: hakuna mmea wa kuzila sasa, zitaoshwa na mvua. Chokaa, kinyume chake, hufaa kwa wakati huu kama kipimo cha udongo kimeonyesha asidi, maana huchukua miezi kufanya kazi.

Tuta moja liachwe kwa kitunguu saumu. Hupandwa wiki chache kabla ardhi haijaganda: punje kubwa, ncha juu, kina cha sentimita 5, umbali wa sentimita 10 hadi 15. Baridi ndiyo huifanya punje igawanyike kuwa kichwa chenye punje nyingi. Kikikosa baridi hutoka duara kimoja kisichogawanyika.

Vifaa havichukui muda. Toa maji yote kwenye mipira na mabomba, kwani maji yakiganda hupanuka kwa takriban asilimia 9 na kupasua. Nguzo za nyanya zilizougua zisuguliwe udongo wote kwanza, ndipo zilowekwe kwenye sehemu 1 ya dawa ya klorini ya kufulia kwa 9 za maji. Dawa juu ya tope haifanyi kitu. Chuma kikaushwe na kupakwa mafuta. Na kabla hujasahau, chora ramani ya kila tuta na kilichokuwamo, kwani nyanya na viazi ni ukoo mmoja, na ukoo usirudi pale pale kabla ya miaka mitatu au minne.